Siku Tatu za Udaga

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mashamba mawili ya muhogo upande wa Buhongwa, enzi hizo Buhongwa ikiwa bado kijiji na jiji la Mwanza halijaifikia. La kwanza lilikuwa nyuma ya nyumba, mashina machache tu ya muhogo mtamu, wa kuchemsha na kunywea chai. La pili lilikuwa mbali, ng'ambo ya kijito, halina uzio wala mlinzi. Huko ndiko alikopanda muhogo mchungu. Nguruwe pori walipita kando yake, ngedere walipita, hata wale vijana waliozoea kung'oa mihogo ya watu usiku walipita. Aliyeonja mara moja hakurudi.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilichomoa kipande kwenye tenga lake na kukitia mdomoni. Alinikamata kidevu, akanitemesha, akanisukutua kinywa kwa maji ya mtungi, kisha akaniambia taratibu, "Mume wangu mdogo, huo haujapoa."

Nilimwelewa vibaya. Nilidhani anasema habari ya joto, kwa kuwa tenga lilikuwa juani. Ilinichukua miaka kutambua kwamba neno lile lilibeba historia ndefu: ya mmea uliovuka bahari, ya sumu ambayo mmea wenyewe huitengeneza ndani ya majani yake, na ya siku ambazo wanawake wa kanda ya ziwa walijifunza kuzihesabu bila maabara wala mizani. Nina sababu ya kuiandika. Leo katika masoko ya Nyamagana udaga, yaani muhogo uliovundikwa kisha ukakaushwa, hununuliwa kwa debe au kwa kilo, na mara chache utamsikia mnunuzi akiuliza ulivundikwa siku ngapi.

Turudi kwenye jani, maana kazi yote huanzia hapo. Ndani ya seli za jani la muhogo kuna valini, mojawapo ya amino asidi zinazojenga protini za kila kiumbe hai, kuanzia sangara wa ziwani hadi mimi ninayeandika. Sisi hatuwezi kujitengenezea valini, tunaipata kwenye chakula. Muhogo hujitengenezea, halafu sehemu ya valini hiyo huipitisha njia ya pembeni. Kimeng'enya cha kwanza huikamata na kuibadili umbo kwa msaada wa oksijeni. Kinachofuata huipokea na kuendelea nayo. Cha mwisho huibandika sukari, glukosi ile ile iliyomo katika damu yetu. Kinachopatikana huitwa linamarini. Mwaka 2000 kundi la Birger Lindberg Møller huko Copenhagen lilifanikiwa kuzitambua jeni mbili za muhogo zinazobeba maagizo ya kimeng'enya kile cha kwanza, na tangu hapo njia nzima, hatua kwa hatua, imekuwa ikisomeka kama ramani.

Sukari ile ni kufuli. Linamarini ikiwa imefungwa nayo haimdhuru mwenye nyumba. Hushuka kutoka majanini, hupita shinani, na kuwekwa akiba kwenye mizizi, ndani ya vifuko vidogo vilivyomo katika kila seli. Ufunguo nao haukuwekwa mbali. Katika ukuta wa seli hiyo hiyo mmea umeweka kimeng'enya kingine, linamarasi, ambacho kazi yake ni kuing'oa ile sukari. Wawili hawa huishi ujirani wa karibu maisha yao yote bila kukutana, mpaka panya atie jino au jembe likwaruze mzizi. Hapo ukuta hupasuka, kifuko hupasuka, ufunguo huingia kwenye kufuli. Sukari hutoka, kinachobaki huvunjika tena, na gesi ya sianidi hufunguka. Gesi hiyo huzima mahali penyewe ambapo seli hutumia oksijeni. Mnyama anaweza kuwa anapumua vizuri kabisa huku seli zake zikikosa hewa.

Ni silaha ya ajabu kwa kitu kisicho na miguu ya kukimbilia. Lakini si silaha tu. Mwaka 2003 Dimuth Siritunga na Richard Sayre, wakiwa Marekani, walitengeneza muhogo uliozimwa uwezo wa kuunda linamarini katika majani. Mizizi ilikosa linamarini karibu yote, kiasi cha asilimia 99. Basi mtu angetarajia sherehe. Kumbe mimea ile ilishindwa kukua vizuri maabara mpaka iongezewe naitrojeni iliyo tayari kutumika, kwa maana linamarini ilikuwa pia mzigo wa naitrojeni unaosafirishwa kutoka majanini kwenda mizizini. Sumu ya bibi yangu ilikuwa pia chakula cha mmea wake. Kila ninapofikiri jambo hili namheshimu zaidi yule mkulima wa zamani ambaye hakujaribu kuuondoa uchungu kwenye mbegu, bali aliuacha shambani umlindie na kuutoa nyumbani.

Wazungu walichelewa kuutaja uchungu huo kwa jina. Linamarini yenyewe ilitolewa kwanza katika kitani mwaka 1891 na wanakemia wawili, Jorissen na Hairs, wakaiita hivyo kutokana na jina la Kilatini la kitani. Mwaka 1906 Dunstan, Henry na Auld, wakifanya kazi London, walionyesha kwamba iliyomo katika muhogo ni hiyo hiyo. Kufikia wakati huo muhogo ulikuwa umekaa Afrika zaidi ya miaka 300.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika bonde la Amazon. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, na upande wa mashariki uliingia kupitia vituo vya pwani na visiwa. Kutoka huko ulipenya bara kwa miguu ya watu. Shina la muhogo halina shida safarini: ukikata kipande cha urefu wa mkono, ukakifunga kwenye mzigo, wiki kadhaa baadaye ukikichomeka ardhini kinachipua. Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa wapagazi wakubwa wa misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na maziwa, na mpagazi anayerudi nyumbani hubeba vitu ambavyo havimo katika orodha ya tajiri.

Shina lilisafiri, lakini ujuzi wa kuutoa uchungu haukusafiri mzima. Wenyeji wa Amazon walikuwa na namna zao, za kukwangua na kukamua kwa mfuko mrefu wa kusuka. Huku kwetu kila jamii ilibidi itafute yake. Wakongo walilowesha mizizi mtoni. Afrika Magharibi walikwangua, wakakamua, wakakaanga. Wasukuma, Wakerewe, Wajita na majirani zao wa pembezoni mwa ziwa walivundika. Hakuna jina la mtu lililobaki katika ugunduzi huo, na nadhani ni kwa sababu uligunduliwa jikoni.

Usukuma wenyewe haukuwa nchi ya muhogo. Chakula cha heshima kilikuwa mtama na uwele, baadaye mahindi, na viazi vitamu ambavyo huparwa na kukaushwa kuwa michembe, au kuchemshwa kwanza kisha vikakaushwa kuwa matobolwa. Kiazi kitamu hakina mambo ya sianidi, ndiyo maana mtoto anaweza kutafuna michembe akiwa njiani kwenda shule. Muhogo uliingizwa kwa nguvu zaidi na njaa, halafu na serikali iliyoiogopa njaa. Miaka ya 1930 nzige walishuka mara kwa mara juu ya nafaka. Nzige hula jani, hali mzizi ulio chini ya udongo hawauwezi. Maofisa wa Kiingereza waliona hapo dawa ya njaa, wakapitisha amri kupitia kwa watemi kwamba kila kaya ipande kiasi fulani cha muhogo wa akiba. Wazee wa Kwimba na Magu walikua wakiujua kama shamba la amri. Amri hiyo ilihesabu mashina. Siku za kuvundika haikuzitaja.

Kwa kuwa serikali ilikuwa imeweka tumaini lake kwenye mmea mmoja, magonjwa ya mmea huo yakawa jambo la serikali. Batobato lilikuwa limeandikwa mapema, mwaka 1894, na Otto Warburg, katika nchi hii hii ikiwa chini ya Wajerumani. Katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey alieleza ugonjwa wa michirizi kahawia mwaka 1936, na akiwa na Nichols akaanza kuupandisha muhogo na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceara, ili watoto wake wawe na kinga. Baadhi ya uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria, ukachanganywa na mingine, na miaka ya 1990, batobato kali lilipofagia mashamba ya Uganda na kuanza kushuka kuelekea Kagera na Mwanza, damu ya Amani ilirudi Afrika Mashariki ndani ya mbegu kutoka Afrika Magharibi. Ukiriguru, kituo kilicho kilometa kama 30 kusini mwa Mwanza, kilichoanza kwa ajili ya pamba, ndicho kilichobeba mzigo wa kanda ya ziwa katika vita hiyo. Nayapita haya haraka, ingawa yanastahili makala yao, kwa sababu nataka kufika kwenye rundo la bibi.

Alianza asubuhi, mapema. Mizizi ilimenywa kwa kisu kifupi, na maganda yalitupwa mbali na mbuzi, kwa maana ganda hubeba sumu nyingi kuliko nyama ya ndani. Iliyomenywa ilianikwa kwanza kidogo, ipungue maji. Halafu ilirundikwa pembeni ya nyumba, juu ya majani makavu, ikafunikwa kwa majani mengine na gunia, na gunia likawekewa mawe. Kazi ya mikono ikaishia hapo, ikaanza kazi ya viumbe wengine. Kuvu waliokuwa wamelala kwenye majani, kwenye gunia, kwenye hewa yenyewe, walishuka juu ya mizizi na kuanza kula. Siku ya pili rundo lilikuwa na joto ukilitia mkono. Siku ya tatu manyoya ya kijivu na meusi yalikuwa yameota, na mahali pengine unga wa rangi ya chungwa uliong'aa kama vumbi la maua.

Kuvu hao hawaimezi sumu. Wanachofanya ni kumwaga vimeng'enya vyao kwenye kuta za seli za muhogo, wazilainishe wapate kula. Kuta zikilegea, vifuko hupasuka, na ile linamarini iliyokuwa imetengwa na linamarasi kwa miezi mingi hukutana nayo. Muhogo hujivua sumu kwa kimeng'enya chake wenyewe. Kuvu ni wapatanishi tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, Essers na wenzake walifuatilia uvundikaji wa namna hii huko Uganda na kuthibitisha kwamba ulainishaji huo ndio siri yake, na kwamba muhogo uliovundikwa hubaki na sumu kidogo kuliko ulioanikwa juani bila kuvundikwa.

Makopa ndiyo huanikwa bila kuvundikwa. Ni meupe, ni mazuri kwa macho, na yakitokana na muhogo mtamu hayana neno. Lakini jua lina haraka. Hukausha mzizi kabla kuta za seli hazijalegea, na katika mzizi mkavu linamarasi haina maji ya kufanyia kazi, kwa hiyo linamarini hubaki imefungwa humo humo, ikisubiri tumbo la mlaji. Ndiyo maana weupe si dalili ya usalama. Nilipokuwa mtoto niliuonea aibu ugali wa udaga kwa rangi yake ya udongo na harufu yake ya uchachu, na nilitamani ule mweupe wa nyumba za watumishi wa serikali. Sasa najua kipi kati ya viwili kilifanyiwa kazi zaidi.

Siku ya tatu bibi alifunua pembeni na kubonyeza mzizi kwa dole gumba. Dole likizama, rundo lilivunjwa. Likigoma, lilifunikwa tena hadi kesho yake. Mizizi iliyokuwa tayari aliikwangua kuvu kwa kisu, akaivunjavunja kwa mikono mpaka ikawa kama makombo ya mkate, akaitandaza juu ya jabali. Mwanza haina upungufu wa majabali, na jabali lililopigwa na jua tangu asubuhi huunguza nyayo. Hapo kuna jambo zuri la kifizikia. Sianidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Mchana wa kawaida wa Mwanza hupita hapo, na jabali hupita mbali zaidi. Gesi iliyofunguliwa gizani ndani ya rundo iliondoka juu ya jabali bila kuonekana, ikichukuliwa na upepo wa ziwa. Hapo ndipo muhogo ulipopoa.

Kisamvu kilikuwa na sheria yake. Majani yana linamarini nyingi kuliko mizizi, na mgeni anaweza kushangaa kwamba tunayala baada ya kutwanga na kuchemsha tu, bila siku tatu. Sababu ni kwamba jani lina kimeng'enya cha ziada, ambacho mzizi karibu hauna, kinachoharakisha hatua ya mwisho ya kufungua gesi. Kinu hupasua seli zote kwa mara moja, na sufuria iliyo wazi hufukuza kilichofunguka. Ndiyo maana wanawake walitwanga hadi jani lilainike kabisa, na hawakukubali mkato.

Nimesema hawakukubali mkato, na hapa ndipo historia inapogeuka kuwa chungu kweli.

Mwaka 1938 daktari Mtaliano aliyetumikia Kongo ya Wabelgiji, Giovanni Trolli, alichapisha taarifa zilizokusanywa kutoka Kwango kuhusu ugonjwa ambao chanzo chake hakikujulikana. Mtu mwenye afya aliamka asubuhi, au alirudi kutoka safari ndefu ya miguu, na miguu yake ikakakamaa. Haikuuma sana, haikuvimba. Ilikaza tu, na kuanzia siku hiyo alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana kama mkasi, au hakutembea kabisa. Ugonjwa haukuzidi baada ya hapo, wala haukupona. Akili ilibaki timamu. Wayaka wa huko waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Waliopatwa zaidi walikuwa wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto waliokwisha kuachishwa ziwa.

Chanzo kilianza kuonekana mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ambako zaidi ya watu 1,000 walipooza katika kipindi cha ukame. Madaktari waliokuwa huko, miongoni mwao Julie Cliff na Hans Rosling, Mswidi aliyekuwa daktari wa wilaya, walifuata nyayo hadi kwenye muhogo mchungu. Ukame huongeza sumu katika mizizi. Ukame pia humaliza kunde, maziwa na samaki, na hapo ndipo mwili hupokonywa ngao yake, kwani ini huibadili sianidi kuwa kitu chepesi kinachotoka na mkojo, lakini ili kufanya hivyo huhitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Mtu anayekula ugali wa udaga kwa dagaa wa Ziwa Viktoria ana salfa ya kutosha kuokoa kilichobaki. Anayekula ugali huo mtupu, asubuhi na jioni, kwa wiki nyingi, hana.

Mwaka 1985 ilikuwa zamu yetu, ng'ambo tu ya ziwa. Katika wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha nchi ambayo leo ni Rorya, baada ya ukame mkali, watu walianza kupooza miguu kwa namna ile ile. Daktari wa mishipa ya fahamu William Howlett, Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na Rosling, waliwapima na kuzungumza nao, na mwaka 1990 walichapisha walichokiona. Watu wa Tarime walijua kuvundika tangu zamani. Hawakuwa wamesahau. Njaa ilikuwa imewanyang'anya siku. Mama mwenye watoto wanaolia hawezi kuweka rundo la chakula chini ya gunia na kulitazama kwa siku tatu, halafu aanike siku nyingine. Alifupisha. Alifupisha kidogo leo, kidogo zaidi juma lililofuata, na kila mara chakula kilionekana sawa sawa na cha zamani.

Yaliyotokea Masasi mwaka 1988 yalifanana na hayo. Mlingi na wenzake waliwakuta watu walioshikwa na kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu baada ya kula muhogo mchungu uliotengenezwa kwa njia ya haraka, ya kutwanga mizizi mibichi na kuianika mara moja, ambayo kule waliiita chinyanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilirudi kusini, Mtwara na Mbinga.

Njaa siyo mwizi pekee wa siku. Huko Bandundu, nchini Zaire ya wakati ule, Banea na wenzake walieleza mwaka 1992 kisa kinachonisumbua kila nikikikumbuka. Barabara nzuri ilikuwa imefika. Malori ya wanunuzi kutoka mjini yalikuja mpaka vijijini, bei ya muhogo ikapanda, na wanawake waliozoea kulowesha mizizi siku tatu wakaanza kulowesha siku moja, ili wauze zaidi. Muhogo ule ule wa siku moja wakaula wao na watoto wao. Konzo ikafuata barabara.

Nawafikiria wanawake hao wa Bandundu ninapopita Mkuyuni na Igoma nikiona pikipiki zikishusha magunia ya udaga kutoka Sengerema na Misungwi. Sina shaka na wauzaji wetu. Wengi wamelelewa na bibi kama wangu. Lakini mnyororo umerefuka. Anayevundika hamjui anayekula, na mashine ya kusaga haiwezi kutofautisha mzizi wa siku tatu na wa siku moja, kwani unga wa vyote hutoka laini. Kipimo cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Jicho halioni miligramu.

Karatasi inaziona. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni kifaa rahisi: kichupa, unga kidogo, maji, na ukanda wa karatasi ya manjano iliyolowekwa pikrati. Unafunga, unaacha mpaka kesho. Gesi ikitoka hubadilisha manjano kuwa kahawia, na kadiri kahawia inavyokolea ndivyo sumu ilivyo nyingi. Bradbury huyo huyo alipendekeza dawa ambayo, kwa maoni yangu, ilistahili kubandikwa kwenye kila mashine ya kusaga ya kanda hii. Unatia unga kwenye bakuli, unaweka alama mahali ulipofikia, unamimina maji na kukoroga mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama ile. Kisha unautandaza kwenye ungo au mkeka, unene wa ukucha tu, saa mbili juani au saa tano kivulini. Maji huiamsha linamarasi iliyokauka ndani ya unga, nayo humaliza kazi ambayo haikumalizika kwenye rundo. Baada ya hapo unasonga ugali. Mlingi na wenzake waliwafundisha wanawake wa Mtwara na Mbinga njia hiyo, na mwaka 2011 walichapisha matokeo yake.

Ni jambo la kutia moyo kwamba ubunifu huo wa maabara ni ile ile akili ya rundo: unakikutanisha kimeng'enya na kufuli yake, unakipa maji na muda, unaiacha gesi iende zake. Kilichofupishwa ni saa. Hakikuondolewa.

Kuvu nao wana lao la kusemewa, na sitaki msomaji atoke hapa akidhani kila manyoya kwenye chakula ni rafiki. Viumbe hao hutengeneza kemikali kwa faida yao, siyo yetu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotengenezwa na kuvu wengine kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Udaga unaovundikwa, ukakwanguliwa, ukaanikwa upesi juu ya jabali kavu ni kitu kimoja. Udaga uliorudishwa kwenye gunia ukiwa na unyevu ni kingine. Bibi alikuwa akiuma kombo moja kwa meno. Lisipovunjika kwa mlio, lilirudi juani.

Mwezi uliopita nilipanda Mkolani kumsalimia mama mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo upande ule. Alikuwa na rundo pembeni ya ukuta, gunia la sukari juu yake, mawe matatu juu ya gunia. Kijana wa bodaboda alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mwembe, ametumwa na mwenye duka la nafaka kuchukua debe mbili, na alikuwa na haraka.

"Shikamoo mama, nifungie basi. Utaanikwa kule kule."

"Marahaba, mwanangu." Mama mdogo alifunua pembe ya gunia. Mvuke wa uchachu ulitupiga usoni. Akachagua mzizi mnene kuliko mingine, wa katikati, akaubonyeza kwa dole gumba, na dole likagota. Akaurudisha mahali pake, akafunika, akapanga mawe yake matatu moja baada ya jingine.

"Haujapoa," akamwambia. "Mwambie aliyekutuma, njoo kesho kutwa."